Pumzi za Ubeti wa Tatu

"Nani amevuta pumzi?"

Chiriku aliuliza hivyo saa sita mchana, spika za masikioni zikiwa bado zimembana kichwa. Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa upande wa pili wa kioo, ameinamia kompyuta. Gitaa lilikuwa limenyamaza. Chiriku mwenyewe alikuwa amefumba mdomo. Hata hivyo alisikia, karibu kabisa na sikio la kushoto, mtu akivuta pumzi kama anayejiandaa kuimba.

"Kaka, kuna mtu amehema humu."

"Ni wewe."

"Nimefumba mdomo."

"Wewe? Umefumba mdomo?" Fundi alicheka. "Basi hiyo ndiyo habari ya kutisha."

Walikuwa katika chumba cha nyuma cha nyumba aliyowaachia mama yao, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Fundi alikuwa amekigeuza studio: magodoro manne ukutani, dirisha limezibwa kwa mbao, feni inazimwa kila wanaporekodi, joto la kuivisha yai. Walikuwa wakitengeneza wimbo wa mama, wimbo wa polepole, gitaa moja na sauti moja, juu ya jinsi miaka inavyopita na kumwachia mtu vitu vidogo vya kushika. Beti tatu. Kila ubeti kumbukumbu moja, na zote tatu za Chiriku, kwa kuwa ndiye aliyeandika maneno.

Fundi alikuwa na desturi yake. Hakuvumilia kusikia mwimbaji akivuta pumzi. Kila Chiriku alipotwaa hewa kati ya mstari na mstari, yeye aliikata hiyo pumzi, wimbo ukabaki laini kama kioo kilichopanguswa. Ila hakuzitupa. Fundi hatupi kitu, hata skrubu iliyopinda. Alizibandika zote, moja nyuma ya nyingine, kwenye mstari wa chini kabisa wa skrini, akauzima mstari huo usisikike. Kwa wiki mbili walizourudia ubeti wa kwanza, pumzi za dada yake zilikaa pale zimepangwa foleni, hazina maneno, hazina mwenyewe.

Siku ya pili baada ya Chiriku kusikia ile pumzi, Fundi alimpigia ubeti wa kwanza, ukiwa tayari umesafishwa.

*Kitana chako cha mti, nyweleni kilipopita,*
*jua likipanda kuta, saa haikutusuta.*

"Pazuri," Chiriku alisema. "Hiki kitana kilikuwa cha nani?"

"Acha mzaha wewe."

"Sifanyi mzaha."

Hakuwa akifanya. Aliitazama karatasi, akaona mwandiko ni wake, lakini hakukuwa na chochote nyuma yake. Alijua maneno kama mtu anavyojua maneno ya tangazo la redioni. Asubuhi hiyo ya kuchanwa nywele, kama iliwahi kuwapo, ilikuwa imetoka kichwani mwake bila hata kuaga.

Jioni wakarekodi ubeti wa pili, wa homa, mama amembeba mgongoni kwenda hospitali akimhesabia nguzo za taa ili asilale. Fundi akakata. Alipomaliza tu, chumba kikajaa harufu ya kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu sana, nzito, ya uvuguvugu, na Chiriku akajaribu kuukumbuka ule mgongo, joto lake, kanga iliyombana, akajikuta anapapasa gizani mahali ambapo hapakuwa na mgongo wala njia wala nguzo.

Alitoka nje, akarudi, akasimama mbele ya kaka yake mikono kiunoni.

"Sikiliza. Umekata pumzi za ubeti wa kwanza, nimesahau. Umekata za wa pili, nimesahau. Unataka ushahidi gani tena? Maiti?"

"Umechoka, mdogo wangu. Kalale. Kesho tunamalizia wa tatu."

Ndivyo ilivyo. Msichana akisema chumbani mna kitu, huambiwa amechoka. Mashine ya mwanamume ikikohoa mara moja, nyumba nzima inasimamishwa ichunguzwe.

Ubeti wa tatu ndio ulioshika uso wa mama. Mlangoni, mama na binti wamegombana, mama ameweka mkono mmoja kwenye mwimo, amekunja uso na huku anazuia kicheko. Zile kumbukumbu mbili zilikuwa zimeondoka na nyingine zote; Chiriku hakuwa amebakiwa na mama mwingine. Alikwisha kujaribu usiku kucha kutafuta kwingine, akakuta kila alikogeuka kumefagiliwa. Akiuimba ule, mama ameisha.

Asubuhi akamwita mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa mkunga, mwanamke mnene wa hatua za haraka, na waliojua walimwita pia kwa mambo yasiyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Aliingia na mkoba wake, akasimama kizingitini, akanusa.

"Nani amejifungua humu?"

"Shikamoo, mama mdogo," Fundi alisema. "Hapa ni studio."

"Marahaba. Nimeuliza swali."

Chiriku akamweleza, kwa kunong'ona, kuanzia mwanzo. Mkunga hakucheka.

"Pumzi ikikosa kifua, jini huifanya nyumba," alisema. "Mimi nimepokea watoto, nakuambia. Hewa ya kwanza ndiyo inayomleta mtu. Wewe umezikusanya ngapi, baba?"

"Mama mdogo, hii ni kompyuta, si kaburi. Ngoja niwasikilizishe wenyewe mtulie."

"Usiguse!"

Alikwisha gusa.

Sauti ikatoka kwenye spika zote mbili, pumzi ya kuvuta, na nyingine ya kuvuta, na nyingine, kwa sababu Fundi hakuwahi kukata pumzi ya kutoa hata moja, na kile kilichojijenga humo ndani kilijua kuvuta tu, kikavuta, mpaka karatasi za wimbo zikateleza mezani kuelekea spika, na magodoro yakajikunja pembeni kama midomo, na Fundi akachomoa waya wa umeme, skrini ikazima, taa ikazima, lakini kuvuta hakukukoma, sasa hakutoki kwenye spika bali kwenye kuta zenyewe, kwa sauti ya Chiriku lakini kubwa kuliko Chiriku, na Fundi akafungua mdomo kusema jambo, na hewa yake ikatoka na haikurudi, akashika koo, akapiga magoti, mwanga mdogo wa mlangoni ukaonyesha midomo yake inageuka rangi.

"Mama mdogo! Mtoe nje!"

"Kumtoa hakusaidii, kimeshamshika kifua." Mkunga alikuwa amepiga magoti, amempakata kichwa, naye mwenyewe anahema kwa shida. "Kimevuta tu, hakijawahi kutoa. Kinataka wimbo wake uishe."

"Kinataka ubeti wa tatu?"

"Kinautaka, na kumbukumbu iliyo ndani yake, mwanangu. Nami siwezi kukuamuru."

Chiriku alimtazama kaka yake, huyo asiyemsikiliza kamwe, akitapatapa sakafuni kama samaki. Kisha akautazama kwa mara ya mwisho uso ule wa mlangoni, paji lililokunjamana, shavu linalotetemeka kwa kicheko. Akaimba.

Aliimba bila maikrofoni, akivuta pumzi zake waziwazi na kuzitoa waziwazi, na kila mstari ulipotoka alihisi kitu kikinyofolewa taratibu, mwimo, mkono, jicho moja, jicho la pili. Neno la mwisho lilipokwisha, chumba kikatoa pumzi. Ilikuwa ndefu, ya moto, ikampita usoni, ikatoka mlangoni, na harufu ikaondoka nayo.

Fundi akakohoa. Akavuta hewa kwa mkwaruzo mrefu, akakohoa tena, akaanza kulia kama mtoto.

"Nisamehe. Ulisema, nami... Nisamehe."

Mama mdogo alimwangalia binti. Alifunga mkoba wake, akatoka kwenda kukaa ukumbini.

Chiriku aliketi sakafuni karibu na kaka yake. Alijipekua ndani polepole, chumba baada ya chumba, hakukuta mtu. Alijua tu kwamba aliwahi kuwa na mama, kwa kuwa watu wote huwa nao.

"Kaka," alisema, "kunywa maji kwanza. Halafu uniambie mama yetu alikuwa mtu wa namna gani."