Hodi Kutoka Maskati

Jumapili, tarehe 18 Mei 2025, saa saba mchana, jirani yetu Bi Zulekha wa Pujini, mjane aliyekuwa edani, akikaa ndani baada ya kufiwa na mumewe, alipigiwa simu na mwanawe Talib.

"Mama, napanda ndege Maskati. Saa tano na nusu tu hadi Dar, kesho niko kwako."

"Karibu kilomita elfu nne, nawe wasema tu!"

Saa nane mchana huohuo, katika giza la chumba chake kilichofungwa madirisha, akasikia mlangoni: "Hodi, mama."

Sauti ya Talib. Lakini Talib yuko angani, na mwenye eda haitikii wanaume wa nje. Akaacha mlango umefungwa. Ikaja hodi ya pili. Hodi ya tatu ilikuja taratibu, kisha kimya.

Jioni wenzake Talib wakapiga simu kutoka Maskati: Talib alianguka akafa saa saba ileile, akipanda ndege.

Akafungua mlango. Kizingitini palikuwa na nyayo mbichi, zikinuka kafuri ya maiti.

Mwenyezi Mungu amrehemu Talib.