Uso wa Chiriku Ukutani

Siku ya maonyesho, korido kuu ya shule haipitiki. Wazazi wanatafuta vyumba, wanafunzi wa dansi wanakatiza mbio miguu peku, wale wa uigizaji wanatukanana kwa maneno ya kukariri mpaka wageni wanataka kuingilia ugomvi. Kila mlango una sauti yake: huku tarumbeta, kule fidla, na mahali fulani ghorofani kuna mtu anapanda na kushuka noti zilezile tangu asubuhi bila kuchoka. Ni sekondari ya sanaa, mali ya serikali. Paa lake linavuja, lakini wahitimu wake wanajaza kumbi kubwa kubwa, na nyuso zao zimechorwa kwenye ukuta wa korido hiyo.

Katikati ya vurumai hiyo, mwanaume mrefu alisimama juu ya ngazi akipima sehemu tupu ya ukuta. Chini yake akapita mwanamke mwenye gauni la kijani, mikono mipana, skafu nyeupe shingoni. Brashi ikamponyoka mwanaume. Tone la rangi ya bluu likatua begani kwa mwanamke.

"Jamani, gauni langu!"

"Samahani sana dada, sikuku..." Akainama, akakodoa macho. "Chiriku?"

Mwanamke akainua uso. Jina hilo la utani hakuwa amelisikia tangu kidato cha mwisho.

"Twiga! Hata urefu wako haukukutosha, ukaongeza na ngazi?"

Wakacheka mpaka watu wakageuka. Enzi zao za shule, Chiriku aliimba jukwaani na Twiga alichora mandhari nyuma yake. Binti hakujua kwamba kijana wa pazia la nyuma alimpenda kufa na kuoza. Angejuaje, na kijana mwenyewe siri hiyo aliisimulia kuta tu?

Shule hiyo ina desturi yake. Kila mwaka huchaguliwa mhitimu mmoja, na mhitimu mwenzake humchora ukutani. Siku ya kuzindua picha, aliyechorwa husimama mbele ya watu akaonyesha kazi yake. Mwaka huu aliyechaguliwa ni Chiriku, na aliyepewa brashi ni Twiga. Chiriku alikwisha kuimba kwenye majukwaa ya mbali, kisha akarudi kimyakimya kufundisha kwaya ya wanafunzi, na kwaya hiyo ilikuwa imetoka kushinda mashindano ya nchi nzima. Kombe lao lilikuwa juu ya kabati la ofisi, likikusanya vumbi kwa heshima zote.

Basi zikaanza alasiri za kukaa chumba cha muziki. Jua liliingia kupitia madirisha marefu, likalala juu ya piano, na Chiriku alikaa kwenye kiti huku Twiga akimchora kwa penseli kabla ya kuhamia ukutani.

"Usicheke, mdomo unaharibika."

"Na wewe acha kunichekesha."

"Mimi nimesema nini?"

"Hujasema kitu. Unavyotoa ulimi ukichora, kama mtoto wa chekechea!"

Jioni zilikuwa za simu. "Umekula?" "Nimekula." "Umenikumbuka?" "Nani wewe?" "Haya, nakata." "Thubutu!" Kama umewahi kupenda, unajua mazungumzo hayo hayana kichwa wala miguu, na hakuna anayetaka yaishe. Chiriku alilala na simu mkononi, anatabasamu gizani peke yake.

Alasiri moja aliacha kutabasamu.

"Twiga, mimi siimbi tena."

Penseli ikasimama.

"Nilifanyiwa upasuaji wa koo. Kuongea naongea, unanisikia. Lakini ile sauti ya juu imekwenda, haitarudi. Na siku ya uzinduzi wananingoja niimbe." Aligusa skafu yake. "Wakijua, wataniondoa kwenye ukuta. Hapa ndipo mahali pekee nilipobaki kuwa mtu. Usimwambie yeyote, nitamwambia Mkuu mwenyewe."

"Mdomo wangu umefungwa, mpenzi."

Siku zikaenda, na Chiriku hakumwambia Mkuu. Kila asubuhi alipita mbele ya picha yake iliyokuwa ikikua ukutani, binti mwenye mdomo wazi anayeimba kwa furaha zote za dunia. "Nzuri," alisema, akashika shingo, akaenda zake. Twiga alimtazama akiondoka.

Wiki ya uzinduzi, Chiriku alipofika koridoni asubuhi, uso wake haukuwepo. Mahali pake palipakwa rangi nyeupe, bado mbichi, inanuka.

Mwimbaji akikosea jukwaani haanzi upya, anaendelea mbele mpaka mwisho, kwa hiyo weupe ule kwa Chiriku ulikuwa na maana moja tu: ameondolewa. Na aliyejua siri ni mtu mmoja. Simu ikalia, jina la Twiga likawaka, akaikata. Ikalia tena, akaizima kabisa.

Akaingia ofisini bila kubisha hodi. Mkuu wa shule, mama mnene aliyefundisha hesabu maisha yake yote, alikuwa anatafuta miwani iliyokuwa juu ya kichwa chake.

"Mwalimu, kama mmeamua kuniondoa mngeniambia usoni! Ndiyo, sauti yangu imekufa. Ndiyo, siwezi kuimba Jumamosi. Lakini kumtumia yule mwanaume niliyemwamini!"

Mkuu akaacha kutafuta.

"Sauti yako imefanya nini, mwanangu?"

"Kwani... Twiga hakukwambia?"

"Jana alikuja kuomba muda zaidi. Akasema amekosea picha. Nikamuuliza amekosea nini, akabaki ananitazama tu. Nimembana weee, wapi!" Mkuu akaipata miwani yake, akaivaa. "Mchoraji wa ukutani akikosea hupaka nyeupe, akaanza upya. Mimi wa hesabu nalijua hilo. Wewe umesoma hapahapa, hulijui?"

Chiriku akakaa. Aibu ilimshika, na chini ya aibu kulikuwa na furaha iliyoogopa kujitokeza.

"Basi mtamchagua mwingine?"

"Jumamosi utaonyesha kazi yako kama wenzako wote. Ni ipi kazi yako siku hizi?"

Ng'ambo ya uwanja kwaya ilikuwa imeanza mazoezi bila mwalimu.

"Sauti ya pili wameshuka tena," Chiriku alisema bila kujijua. "Wanavuta pumzi katikati ya neno. Nimewaambia mpaka nimechoka."

Mkuu akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Si ndiyo hiyo! Nenda kafanye kazi."

Nje, chini ya dirisha, Chiriku aliwasha simu.

"Uko wapi?"

"Dukani, nanunua rangi. Umeninunia?"

"Nilinuna. Nikakutukana kwa Mkuu."

"Umenitukana vizuri?"

"Vizuri sana. Mbona hukuniambia utaifuta?"

"Nilikupigia, ukakata." Twiga alishusha pumzi. "Kila ukipita pale unashika shingo. Nikaona nimemchora yule binti wa shule. Yule nilimpenda, nakiri, lakini hayupo tena. Mimi nampenda huyu anayewafokea watoto wa sauti ya pili."

Machozi yalimtoka Chiriku, akayaacha yatoke.

"Yule wa shule hakukupenda, Twiga. Alikuwa na maringo."

"Na huyu wa sasa?"

"Huyu anakupenda. Fanya haraka urudi unichore, kwaya bado iko mazoezini."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Chiriku alisimama akawaambia watu kwa kinywa chake kwamba hataimba, na kwa nini. Kisha akawageukia wanafunzi, akainua mikono. Walivyoimba siku ile sitajaribu kueleza. Nitasema tu kwamba watu wazima walilia mbele za watoto wao, na hakuna aliyeona haya.

Baadaye watu wakamiminika koridoni. Ukutani alikuwa Chiriku wa leo, mikono ya gauni imekunjwa, vidole vimeinuka, macho yanamtazama mtu wa safu ya nyuma ya kwaya, mdomo umefungwa. Mama yake aliikagua picha kwa muda mrefu.

"Umemchora kafunga mdomo? Baba, wewe humjui mwanangu."

"Kweli mama, simjui vya kutosha," Twiga alisema, jasho linamtoka. "Ndiyo maana naomba nimuoe."

Mama akamtazama kuanzia viatuni hadi kichwani, safari ambayo kwa urefu ule ilichukua muda.

"Unaniomba mimi? Mwenyewe si huyo hapo."

Chiriku alikuwa amekaukiwa koo kwa kufokea kwaya wiki nzima. Kwa sauti hiyo aliyobaki nayo, nzito na yenye mikwaruzo, akasema, "Ndiyo." Na korido nzima ikasikia.