Kidonge Kwenye Kiti cha Mwizi

Haya wajukuu, tegueni: kakaa mlangoni kwenye kiti cha mwizi, hali, hapiki, na mwizi akija anakosa pa kukaa. Ni nani? Msinipe mji, sikilizeni kwanza.

Mwaka wanunuzi binafsi walipojaa Bariadi, Ernestina, fundi cherehani wa sokoni, alisindikiza pamba ya baba yake mizanini. Gauni la kitenge cha manjano, mkono kiunoni.

"Karani, toa goti chini ya gunia, unatuibia kilo. Pamba ya baba inajua kuning'inia yenyewe."

Machibya, karani wa mizani, akacheka kwa aibu, akatoa goti. Msimu uliofuata walikuwa wachumba.

Ernestina alimwambia titi la kushoto lilikatwa Mwanza kwa saratani. Vidonge hakuvitaja. Siku moja Machibya akavikuta kwenye droo ya cherehani pamoja na cheti cha daktari. Akamwonyesha muuza duka la dawa. "Ni mambo ya homoni," akajibiwa. Basi. Machibya homoni alizisikia kliniki ya uzazi wa mpango tu. Akavimwaga chooni.

Jioni Ernestina akampigia simu.

"Vidonge vyangu viko wapi?"

"Chooni. Mama anangoja wajukuu, wewe unameza majira ya kuzuia mimba."

"Majira? Mpumbavu wewe! Saratani yangu inalishwa na homoni za mwili wangu mwenyewe. Kidonge kinawahi kiti chake kwenye seli, homoni ikija inakosa pa kukaa, uvimbe haulishwi. Kila siku, miaka mitano. Nimemaliza miwili. Na nikiwa navimeza nisibebe mimba, vitamdhuru mtoto."

"Mbona ulinificha?"

"Nilijua utanipima kama gunia. Nijibu sasa: miaka mitatu bila mtoto, nitakuwa nani kwako?"

Machibya akaanza, "Lakini mama..." Ernestina akakata simu.

Siku mbili alishona kwa hasira, sindano tatu zikavunjika. Kutwa alimtukana Machibya kwa Kisukuma, wateja wakaogopa kudai nguo zao.

Siku ya tatu Machibya akaingia, vumbi la basi hadi kwenye kope, mkononi cheti kilekile na bahasha ya dawa.

"Nimetoka Mwanza. Daktari kanichorea hicho kiti."

"Sikukuuliza kiti, bwana mizani."

Machibya akamtia kidonge kiganjani, akachota maji mtungini. Ernestina akameza, bado kanuna, macho hayambanduki.

"Mke wangu," Machibya akasema. "Na mtoto asipokuja kabisa, mke wangu."