Fundi Godoro na Mechi za Ng'ambo

Fundi Godoro alishona magodoro ya pamba barazani kwake. Pamba ilipaa, ikamkaa kwenye nyusi, na yeye akisikiliza redio huku akiota mchana kweupe. Aliona uwanja wa kijani, mbali sana. Aliona binti yake, Kitinda, akikimbia na mpira mkononi. Kitinda alikuwa ng'ambo na timu ya taifa ya kriketi. Walikwenda kucheza mechi nne, na ya mwisho ndiyo yenye kombe.

Siku ya mechi ya kwanza, Fundi alisahau kumeza dawa yake ya presha. Timu ikashinda. Siku ya pili alimeza. Timu ikachapwa vibaya. Ya tatu akaacha makusudi. Timu ikashinda kwa mikimbio miwili tu, na mtangazaji akalitaja jina la Kitinda mpaka sauti ikamkauka.

"Kumbe nuksi ni hiki kidonge!" Fundi alijisemea.

Tangu hapo hakumeza tena. Kila asubuhi alikificha kidonge ndani ya godoro alilokuwa akishona. Yuko mteja leo analalia dawa bila kujua.

Siku chache baadaye kichwa kikaanza kumgonga. Macho yakaingia ukungu. Pamba yote ikawa mawingu, na Kitinda anatembea juu yake, anamwita. Ilikuwa ndoto tamu.

"Baba Kitinda!" mkewe alishtuka. "Unaongea na nani?"

Mke akamwita jirani yao, nesi. Nesi alipima presha, akapima tena. "Shemeji, twende zahanati sasa hivi."

Huko alitibiwa, akalazwa mpaka presha ikaanza kushuka.

"Dawa ulikuwa unameza?" nesi aliuliza.

Fundi akatazama ukuta. "Nikimeza, mtoto anashindwa."

"Makubwa haya!" mkewe alisema. "Ungeniacha mjane kwa ajili ya mpira?"

Nesi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Shemeji, presha haipigi hodi. Unajiona mzima, kumbe inaharibu moyo, figo na ubongo. Dawa ni ya kila siku, hata ukijisikia vizuri. Ukisahau, usimeze viwili kwa mpigo. Tuulize. Na usiache mpaka daktari aseme. Chumvi nayo punguza."

"Na mechi ya kombe?"

"Wachezaji wapo. Kidonge hakimo kwenye timu."

Siku ya kombe, mkewe alimletea glasi ya maji. Fundi alikishika kidonge muda mrefu.

"Nisamehe, mwanangu," alinong'ona, akameza.

Timu ikashindwa.

Fundi alilia kama mtoto. Simu ikaita. Ni Kitinda, na mama yake alikuwa ameshamweleza yote.

"Baba, mpira niliudondosha mimi. Nilikuwa nimeushika kabisa. Usininyang'anye kosa langu."

"Mwanangu..."

"Leo umemeza?"

"Nimemeza."

"Na kesho?"

"Nitameza."

"Basi. Mechi ziko nyingi, Baba. Wewe uko mmoja."

Kitinda aliporudi, presha ya baba yake ilikuwa imetulia. Alimkuta amesimama mlangoni kwa miguu yake mwenyewe. Fundi alimgusa bega, akamgusa tena, ahakikishe kwamba safari hii haoti.