Aliyeanguka Hapigwi Picha

Wegesa Masatu ni fundi cherehani katika senta ya Guta, wilaya ya Bunda. Ana miaka ishirini na sita. Anashona sare za shule na magauni ya harusi, na watu wa Guta wanasema kitambaa kitachakaa lakini mshono wa Wegesa utabaki. Yeye mwenyewe analijua hilo. Akimaliza gauni hulitundika nje ya kibanda chake ili wapita njia walione.

Wegesa ana kifafa. Kilimuanza akiwa darasa la sita. Anakunywa dawa kila asubuhi na kila jioni, na kwa miaka miwili alikuwa hajaanguka hata mara moja. Wateja wake hawakujua kwamba ana kifafa. Hakuona sababu ya kuwaambia.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, kazi zilimzidi. Kwaya ya parokia ilitaka sare thelathini za Krismasi. Lilian, mwenyekiti wa kwaya, alimletea vitambaa vya bluu na vipimo vya waimbaji wote. Wegesa alishona toka asubuhi mpaka jioni. Katikati ya kazi hiyo dawa zikamwishia. Akasema moyoni kwamba ataenda kuchukua nyingine Bunda mjini akimaliza kola. Siku ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alisimama kumpima mteja mabega, akaanguka.

Alipozinduka alikuwa amelala chali kwenye vumbi mbele ya kibanda chake. Mdomo ulikuwa unauma, kwa sababu mtu alikuwa ameingiza kijiko kati ya meno yake. Sketi ilikuwa imelowa. Watu wengi walikuwa wamemzunguka, na watatu kati yao walikuwa wameinua simu. Hakuna aliyekuwa amemfunika. Mama yake, Selestina, ndiye aliyekuja mbio kutoka nyumbani, akavua kitenge chake na kumfunika.

Mchana huo video ikaingia kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Guta Yetu. Kundi lile lina watu karibu mia mbili. Chini ya video paliandikwa hivi: "Fundi wetu ana mapepo. Tumuombee. Ila msiguse lile povu, ugonjwa huo unaambukiza." Kabla jua halijazama, shangazi yake aliyeko Butiama alikuwa ameshapiga simu kuuliza.

Kesho yake wateja wanne walikuja kuchukua vitambaa vyao. Hawakukaa hata kwenye benchi. Lilian alituma ujumbe kwamba sare zisubiri kwanza, kwaya itakaa kikao.

Baba yake, mzee Masatu, ni mfugaji na si mtu wa maneno mengi. Alionyeshwa video na jirani, akairudisha simu. Jioni aliwaita mke wake na binti yake. Akasema Wegesa aende Butiama kwa shangazi yake, akae huko mpaka watu wasahau.

Wegesa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, mimi sijaiba. Kwa nini nifichwe kama mtu aliyeiba?"

Mzee Masatu alitoka akaenda kuangalia ng'ombe wake, ingawa walikuwa wameshafungiwa.

Aliporudi alimkuta Flora sebuleni. Flora ni muuguzi wa zahanati, na nyumba yake imepakana na yao. Alikuwa amekuja na dawa za Wegesa kutoka Bunda mjini, na alikuwa anamkanya kwa upole. Alimwambia kwamba kuacha dawa siku tatu ndiko kulikomwangusha. Dawa za kifafa hazingoji kazi iishe. Zikibaki za wiki moja, mtu anaenda kuchukua nyingine.

Wegesa alikubali kosa lake. Lakini mama yake alikuwa na swali lililomkaa rohoni tangu jana. Akauliza kama kweli povu linaambukiza.

"Haliambukizi, mama," Flora alisema. "Lile povu ni mate tu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hauna pepo, na haumrukii mtu. Wewe umemshika Wegesa miaka mingapi? Umeshawahi kuanguka?"

Selestina akatikisa kichwa.

Flora akawaeleza cha kufanya mtu akianguka. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, kama mkasi au pasi ya moto. Mwekee kitu laini chini ya kichwa. Legeza nguo shingoni. Usimkandamize kumzuia asitikisike. Usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, maana unaweza kumvunja meno au kumkaba. Mtikisiko ukiisha, mgeuze alale ubavu ili mate yatoke. Angalia saa. Mtikisiko ukizidi dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali haraka. Na mfunikeni, kwa sababu ni mtu.

Mzee Masatu alikuwa bado amesimama mlangoni. Sasa akakaa.

"Na hiyo video itatoka vipi?" aliuliza. "Kitu kikishaingia kwenye simu za watu, si ndiyo basi?"

"Kufuta yote pengine hatutaweza, mzee," Flora alijibu. "Lakini tunaweza kuizuia isiendelee kutembea. Mimi pia nilitumiwa. Sikuimaliza, nikaifuta. Angefanya hivyo kila mtu, ingekuwa imeishia pale."

Akawaambia kwamba habari za ugonjwa wa mtu ni mali ya mtu huyo. Muuguzi haruhusiwi kuzitoa bila ruhusa yake, na jirani vilevile hana haki ya kuzisambaza. Nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na habari za afya zinalindwa kwa uzito zaidi. Hata anayesambaza kwa nia ya kuombea, anasambaza. Hata anayesambaza ili kulaani, naye anasambaza.

Kisha akamwonyesha Wegesa jinsi ya kuanza. Kwanza apige picha ya ujumbe ule kwenye kioo cha simu, ili kubaki na ushahidi wa namba ya aliyetuma, tarehe na maneno aliyoandika. Baada ya hapo, aende kwa mtumaji amwombe afute. Akikataa, admini wa kundi anaweza kuufuta ujumbe ule kwa wote. Na kama wote wawili watakataa, ushahidi uende polisi.

Namba ya mtumaji ilikuwa ya Prosper, anayetengeneza simu pale senta. Yeye ndiye pia admini wa Guta Yetu.

Asubuhi Wegesa alivaa gauni lake la kijani, ambalo alilishona mwenyewe, akaenda kwa Prosper. Mzee Masatu alisema atamsindikiza. Wegesa akamwomba asimame nje, na baba yake akasimama nje.

Prosper alimwona akaacha kazi. Alisema hakuwa na nia mbaya. Alitaka watu wamuombee, na wajihadhari. Akaongeza kwamba video za watu walioanguka hutumwa kila siku, na hakuna anayelalamika.

Wegesa hakupaza sauti. "Prosper, wewe ungeanguka pale, suruali imelowa, ungependa mama yako akuone hivyo kwenye simu ya mtu?"

Prosper aliangalia meza yake.

"Nisingependa," alisema.

"Na kabla ya kunipiga picha, ulinishika hata mkono?"

"Sikukushika. Niliogopa."

Akachukua simu yake. Aliifuta ile video kwa wote, kisha akaifuta kwenye picha zake. Wegesa alisimama akiangalia mpaka ikaisha. Prosper akaandika kwenye kundi kwamba amekosea, kwamba kifafa hakiambukizi, na kwamba yeyote aliyeihifadhi aifute na asiitume popote.

Flora alikuwa amemwambia Wegesa kwamba halazimiki kumweleza mtu yeyote habari za ugonjwa wake. Ni siri yake, na angeweza kunyamaza. Wegesa alifikiri siku mbili. Siku ya tatu aliandika kwenye kundi kwa maneno yake mwenyewe:

"Mimi ni Wegesa binti Masatu. Nina kifafa na ninakunywa dawa. Nimekuwa nikiwashonea miaka sita na hakuna aliyeambukizwa kitu. Siku ile nilianguka kwa sababu niliacha dawa nikishona nguo zenu. Sitaacha tena. Mniombee kama mnaniombeaga, lakini msinipige picha. Kibanda kiko wazi kuanzia saa mbili."

Watu wengine walijibu vizuri. Mmoja alitoka kwenye kundi bila kuaga. Wateja wawili kati ya wale wanne hawakurudi tena mpaka leo. Lakini jioni ileile Lilian alifika kibandani mwenyewe. Aliomba msamaha kwa niaba ya kwaya, kisha akauliza kama sare zinaweza kuwa tayari kabla ya tarehe ishirini Desemba. Wegesa akasema zitakuwa tayari, ila hatashona baada ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu anahitaji kulala. Lilian akakubali.

Sare ziliisha tarehe kumi na nane. Kwaya ilialikwa kuimba Musoma mjini, na wenyeji wa kule wakauliza nguo zile zimeshonwa wapi. Mwezi wa pili Wegesa alinunua cherehani ya pili.

Kundi la Guta Yetu sasa lina kanuni, na Prosper ndiye aliyeiandika: mgonjwa, majeruhi na maiti hawatumwi humu. Anayetuma anaonywa mara moja, mara ya pili anatolewa. Flora naye alikuja siku ya gulio akawafundisha watu jinsi ya kumsaidia mtu aliyeanguka. Prosper alijitolea kulala chini ili wengine wajifunze kumgeuza ubavu. Watu walicheka, lakini walijifunza.

Mwezi uliopita mzee Masatu alikuwa mnadani anauza dume. Mnunuzi mmoja wa kutoka upande wa Kisorya alimtazama sana, kisha akamuuliza kama ni yeye baba wa yule fundi anayeangukaga. Wanaume waliokuwa karibu waligeuka kumtazama.

Mzee Masatu aliegemea fimbo yake.

"Mimi ni baba wa Wegesa," alisema. "Anaumwa kifafa, anakunywa dawa, na hakuna fundi wa kumfikia Bunda nzima. Ukitaka akushonee, njoo Guta Jumatatu. Wiki hii ana kazi nyingi."