Programu ya Mtu Mmoja

Haya yalimkuta rafiki yangu, mchapishaji wa kadi za harusi, na yeye si mtu wa porojo.

Yeye na mkewe walinunua programu moja ya kuchorea kadi. Walioitengeneza ni wachoyo ajabu: ikifunguliwa kwenye kompyuta moja, nyingine inagoma. Basi mke akiwa kazini chumba cha nyuma, jamaa alikuwa akigonga ukuta na kuita, "Mama watoto, toka, zamu yangu!"

Mke akafariki. Kompyuta yake ikachomolewa, ikafunikwa shuka, dirisha likafungwa.

Juzi mchana programu ikamgomea: "Inatumika kwenye kompyuta nyingine." Akapiga simu huduma kwa wateja.

"Mzee, naona kuna mtu anaitumia sasa hivi," binti wa simu akamwambia. "Mwambie afunge."

"Mwanangu, naishi peke yangu."

"Mimi nakwambia ninachokiona hapa, baba."

Akakata simu kwa hasira. Halafu, kwa mazoea tu, akagonga ukuta. "Mama watoto, toka, zamu yangu."

Kimya. Kisha ng'ambo ya ukuta kikasikika kitufe kikibonyezwa, mara moja. Programu ikafunguka.

Akaenda chumba cha nyuma na tochi ya simu. Giza, vumbi. Shuka lilikuwa palepale, waya umeviringishwa kama alivyouacha. Akagusa kompyuta: baridi kama jiwe. Akageuka atoke, akajishikiza kwenye kiti cha mkewe.

Kiti kilikuwa na joto, kama cha mtu aliyeinuka sasa hivi.