Posa Ndani ya Kompyuta

Mwaka wa tisini na tisa, kwenye foleni ya posta ya Ukunda, Subira alimkanyaga Mbwana mguu, akamwomba radhi, kisha akamlaumu kwa kuwa na miguu mirefu. Mbwana akampenda papo hapo. Tangu siku hiyo Subira, fundi wa cherehani kutoka Msambweni, hakupita Ukunda bila kuingia ofisini kwa Mbwana, penye kompyuta moja na laini moja ya simu.

Miezi mitatu baadaye alikuja na buibui jipya, marashi yakimtangulia.

"Nionyeshe huo mtandao wako, mpenzi."

"Andika neno hapa, kwenye dirisha hili la mafaili. Linatafuta dunia nzima."

Mbwana akatoka kununua viazi karai. Subira akaandika "Msambweni". Zikaja hoteli za Wajerumani, ramani, na katikati yake: "Posa ya Subira, kwa Mzee Boga, Msambweni." Mzee Boga ni babake, mtu asiyekubali kuwa wa pili kupata habari.

Mbwana aliporudi alikuta kiti kitupu. Jioni ilimbidi kwanza akate mtandao ndipo simu ipate laini, akapiga simu kwenye duka la jirani yao Subira, akaitiwa.

"Wajerumani wamesoma posa yangu kabla ya babangu," alisema Subira. "Akisikia, hunioi ng'o."

"Wallahi haijatoka humu ofisini, roho yangu. Dirisha linatafuta nje mtandaoni na ndani ya kompyuta hii pamoja, halafu linachanganya. Njoo uone."

"Nitakuja kwa ajili ya viazi tu."

Alikuja kesho yake, uso ameukunja. Mbwana akachomoa waya wa simu, akautia mfukoni.

"Tafuta tena."

Hoteli zote zikatoweka, posa ikabaki peke yake. Subira akashusha pumzi, akaifungua, akasoma.

"'Binti yako mpole'?"

"Nilitia adabu."

"Baba atadhani unamposa mwengine. Na hii tarehe, mbona ya zamani hivi?"

"Kila siku naifungua, nabadilisha koma, naifunga. Namwogopa babako."

Subira akafuta "mpole", akafikiri, akaandika "mkali kidogo". Kisha akavuta kiti karibu na printa.

"Itoe kwenye karatasi. Wazee wako waipeleke Ijumaa, na mimi siondoki hapa mpaka utie sahihi."

Mbwana akatia sahihi, bila kubadilisha hata koma moja.